Kimashine changu kinatunga nyimbo mpya usiku tu, mchana kinarudia zilezile. Kinajuaje kama ni usiku?

#1 Fundi Kopo
Wakuu, habari za jioni.

Nina kimashine nimekiunda mwenyewe ndani ya kopo la biskuti. Kuna Arduino Uno ya Kichina (kile kibodi kidogo unachokiandikia programu), IC, yaani chipu, ya CD40106, kikuza sauti cha LM386, na spika niliyoing'oa kwenye redio ya marehemu babu (redio ilishakufa kabla yake, msinianze). Kazi yake ni kujitungia muziki. Mimi nawasha tu, chenyewe kinachagua noti moja baada ya nyingine kwenye ngazi ya noti tano mpaka nitakapozima. Ile 40106 ndiyo inayokigongea mapigo.

Shida ni hii. Mchana nikiwasha kinapiga vinyimbo vitatu vinne, vilevile, noti kwa noti, mpaka mdogo wangu anavipigia mluzi akiosha vyombo. Ikifika saa tatu usiku kinafunguka. Kila nikiwasha ni kitu kipya, na vingine ni vitamu kweli. Wiki ya pili hii naandika kwenye daftari, sio chai.

Hakuna mahali kwenye programu nimekiambia kiangalie saa. Hakina hata saa. Sasa kinajuaje?

#2 Siti ya Dirishani
Nimewahi siti. Ngoja mafundi waje.

#3 Yakhe wa Kibokoni
Spika ya marehemu, saa tatu usiku, na bado wauliza? Hicho kikopo kisomewe kwanza, mambo ya nyaya baadaye.

#4 Luthuli Boy
Sema wadau. Fundi, weka kodi yote hapa tuione.

#5 Siti ya Dirishani
Kodi ya nyumba au ya TRA?

#6 Luthuli Boy
@Siti ya Dirishani haya basi, msimbo. Umefurahi? Naongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

#7 Babu Transista
Acheni utani kidogo. Fundi, sihitaji programu nzima. Niandikie mstari mmoja tu, ule unaopanda mbegu ya namba za nasibu. Najua shida ilipo kabla sijauona.

#8 Fundi Kopo
Shikamoo babu. Huu hapa:

randomSeed(analogRead(A0));

Pini ya A0 sijaiunganisha na kitu. Nilikuta hivyo kwenye mifano, nikanakili.

#9 Babu Transista
Marahaba. Ndicho nilichotegemea.

Kompyuta haijui kubahatisha. Ile random() ni hesabu: unaipa namba moja ya kuanzia, yaani mbegu, inakukokotolea msururu mrefu wa namba zinazoonekana hazina mpangilio. Mbegu ileile, msururu uleule, leo na hata mwakani. Ukiiacha bila mbegu, Arduino huanzia palepale kila ikiwashwa.

Ndiyo maana watu wanasoma pini iliyoachwa hewani. Pini isiyoshikwa na kitu ni antena ndogo, inaokota mngurumo wa umeme wa nyumbani, ile hertz 50, na usomaji unayumba. Unaokota namba yoyote kati ya 0 na 1023, ndiyo mbegu yako.

Sasa jiulize, mchana nyumbani kwako kuna nini kimewashwa? Pengine friji tu. Pini inasoma karibu palepale kila mara, labda namba tatu nne zilizofuatana. Mbegu nne, nyimbo nne. Usiku taa zimewaka, televisheni ipo, feni ipo, jirani anapiga pasi. Mngurumo unakua, pini inarukaruka, unapata mbegu nyingi. Kimashine chako hakijui usiku. Kinasikia umeme.

Kwa hiyo nyimbo ulizonazo humo ni 1024 tu, hata ukikesha.

#10 Mama Sauti
Babu nakubaliana na wewe karibu kote ila mwishoni. Ni 1023. Ukiipa randomSeed sifuri, Arduino za jamii ya Uno huipuuza, na bila mbegu yoyote maktaba huanzia moja. Kwa hiyo mbegu 0 na mbegu 1 ni wimbo mmoja.

#11 Babu Transista
@Mama Sauti hapo umenishika. Nimeenda kuangalia, ni kweli.

#12 Mama Sauti
Na nimepiga hesabu nyingine, Fundi usinune. Ukikipa kila kimoja nusu dakika, nyimbo zote 1023 zinaisha kwa saa nane na nusu hivi. Unaweza kukaa Jumamosi moja ukazisikiliza zote ukamalizana nazo.

#13 Fundi Kopo
Dada umeniua. Mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba hakitarudia mpaka mwisho wa dunia 😂

#14 Msela wa Mikanda
Ongeza kasi tu hakuna atakayejua. Peleka mapigo 250 kwa dakika, iite singeli, tafuta MC.

#15 Siti ya Dirishani
250 hiyo singeli ya wazee. Siku hizi zinavuka 300.

#16 Chumvi ya Tanga
Mimi sikubaliani na maelezo ya umeme, angalau sio yote. Nakaa mita chache kutoka baharini. Nilikuwa na dude la 40106 tupu, visauti sita vinavyoingiliana, halina programu wala mbegu. Mchana lilikuwa na sauti moja, usiku jingine kabisa. Nilidhani nina wazimu.

Nikaja kufungua: bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomekea vipuri) yote imefanya ukungu wa kijani kwenye vishikizo. Hewa ya usiku ikipoa unyevu unapanda, chumvi iliyokaa juu ya plastiki inalowana, umeme unaanza kupenya mahali pasipo na waya. Pini yako iliyo hewani nayo haiko hewani tena, imeegemea jirani yake kupitia unyevu. Nilisafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, likakaa sawa karibu mwezi, likaanza tena.

Fundi uko wapi kwanza? Kama uko Dodoma nafuta kauli.

#17 Fundi Kopo
Niko Bagamoyo mkuu.

#18 Chumvi ya Tanga
Sina la kuongeza.

#19 Babu Transista
Unyevu ungefanya kinyume. Njia ya kuvuja ikipatikana, pini inatulia, haiyumbi. Usiku wa unyevu ungempa nyimbo chache, sio nyingi.

#20 Chumvi ya Tanga
Inategemea inavujia wapi, babu. Ikivujia ardhi, itatulia. Ikivujia kwenye waya wa mapigo unaopanda na kushuka muda wote, utasoma nini?

#21 Babu Transista
Hmm.

#22 Luthuli Boy
Babu ameguna. Weka tarehe.

#23 Mmatumbi wa Berlin
Nimechelewa, huku nilikuwa kazini. Mnahangaika na mbegu wakati shida kubwa ni kwamba mashine inayochagua kila noti kwa bahati nasibu haina kumbukumbu. Haijui ilichopiga sekunde mbili zilizopita. Ndiyo maana mingi inachosha haraka.

Kwenye sinthi za modula (zile za kabati, kila kipande kinafanya kazi moja, unaunganisha kwa vikebo vya milimita 3.5) kuna kipande kinaitwa Turing Machine, cha Tom Whitwell, michoro yake aliitoa wazi watu wajitengenezee. Ndani ni foleni ya biti 16. Kila pigo foleni inasogea hatua moja, biti ya mwisho inarudi mwanzo. Kitasa kimoja kinaamua kama inarudi ilivyo au inageuzwa. Kikiwa katikati ni vurugu tupu. Ukikipeleka kulia kabisa, wimbo unajifunga, hatua 16 zinazunguka milele. Ukikipeleka kushoto kabisa, kila biti inarudi imegeuzwa, wimbo unakuwa wa hatua 32. Utamu uko karibu na kulia: wimbo unakaa, halafu noti moja inabadilika, unakaa tena, nyingine inabadilika. Kama mtu anayesimulia kisa kilekile kila Eid na kila mwaka anaongeza chumvi.

Kwa Arduino hiyo foleni ni namba moja tu ya biti 16. Haikugharimu shilingi.

#24 Msela wa Mikanda
Hilo kabati la huko bei gani mkuu?

#25 Mmatumbi wa Berlin
Usiulize. Kipande kimoja kinaweza kula kodi ya chumba Mbagala miezi kadhaa. Na kikabati kikiwa na nafasi tupu hulali. Wewe pakua VCV Rack, ni kabati zima ndani ya kompyuta, toleo la bure linatosha kabisa.

#26 Siti ya Dirishani
Kodi imerudi tena kwenye uzi.

#27 Fundi Kopo
Mrejesho, wakuu. Nimefanya majaribio mawili.

Kwanza, saa sita mchana nimekiondoa kwenye chaja ya ukutani nikakipa pawabenki. Nimewasha mara kumi: wimbo mmoja. Mmoja! Nikasema babu ameshinda, mngurumo ulikuwa unapitia kwenye chaja.

Pili, jana usiku umeme ulikatika mtaa mzima, giza hata taa ya jirani hakuna. Nikakumbuka uzi. Nikachukua pawabenki ileile, nikawasha mara kumi. Nyimbo nane tofauti.

Hertz 50 ilitoka wapi jana?

#28 Yakhe wa Kibokoni
Mie nishasema yangu kule juu. #3.

#29 Babu Transista
Fundi, uliwashia wapi? Mezani au mkononi?

#30 Fundi Kopo
Usiku huwa niko kitandani. Kopo nalipakata.

#31 Babu Transista
Basi antena ni wewe. Mwili wa mtu karibu na pini inayoelea unatosha kuiyumbisha, hata umeme tuli wa shuka unatosha. Mchana kinakaa mezani peke yake, usiku kimelaliwa.

#32 Chumvi ya Tanga
Na jasho? Bagamoyo, umeme umekatika, feni imezima, kimepakatwa. Unyevu huo babu.

#33 Mama Sauti
Jamani ngojeni. Fundi, hizo nyimbo "nane tofauti" ulizijuaje? Unaandika kwa kusikia?

#34 Fundi Kopo
Ndiyo. Noti nane za mwanzo, kwa sikio. Nimepiga kinanda kanisani miaka sita, sikio ninalo.

#35 Mama Sauti
Sikio lako silitilii shaka. Natilia shaka usiku. Mchana kuna bodaboda, kuna mdogo wako na mluzi wake, unasikia wimbo mkuu tu. Usiku kimya, umelala, unaanza kusikia vya pembeni. Mapigo nayo yanatoka kwa 40106, na hiyo mwendo wake unafuata kapasita na rezista, volti inayoilisha na joto la chumba pia. Wimbo uleule ukienda taratibu kidogo, sikio linaupanga upya. Chapisha mbegu kwenye skrini kupitia waya wa USB, tuone namba, tuache masikio.

#36 Dotto wa Masaka
Nafurahi dada amesema hivyo, maana huku kwetu Buganda hilo ni jambo linalojulikana. Amadinda, ile marimba ya vipande 12, inapigwa na watu wawili wanaokaa wakitazamana. Huyu anapiga noti zake kwa mwendo sawa, yule anaingiza zake katikati, moja kwa moja, kwa kasi. Wewe msikilizaji husikii alichopiga huyu wala yule. Unasikia nyimbo nyingine mbili tatu zinazojitokeza zenyewe, za juu peke yake, za chini peke yake, ambazo hakuna mkono uliozipiga.

Gerhard Kubik, Mwaustria, alijifunza ala hizi kwa Evaristo Muyinda kuanzia 1959, akaandika sana juu ya hilo. Ninyi mnatafuta mbegu kwenye pini. Yawezekana mbegu iko sikioni.

#37 Chumvi ya Tanga
Hapo kwa wawili nakusahihisha, wapigaji wa amadinda ni watatu. Nilishakaa Kampala.

#38 Dotto wa Masaka
Uko sahihi ndugu. Wawili ni okunaga na okwawula, ndio wanaosukana. Wa tatu, okukoonera, ana vipande viwili tu, kazi yake ni kuuokota ule wimbo uliojitokeza na kuupiga ili wote wausikie. Nilimwacha makusudi nisiwachanganye, lakini ndiye anayethibitisha hoja yangu. Wimbo ambao hakuna aliyeupiga umepewa mtu wa kuupiga.

#39 Mmatumbi wa Berlin
#38 imenifanya nisimamishe chakula. Kitu cha 40106 cha Chumvi ya Tanga, visauti sita vinavyoingiliana, si ndiyo hiyohiyo?

#40 Luthuli Boy
Mimi natumia Pico (kibodi kingine kama Arduino) na midundo ya Euclid, yule Mgiriki. Aliivumbua miaka 2300 iliyopita. Unachukua hatua 8, unasambaza mapigo 3 kwa usawa unaowezekana, inatoka:

x . . x . . x .

Ukisikia tu unajua unaifahamu.

#41 Mama Sauti
Euclid hakuvumbua mdundo wowote. Yeye aliandika njia ya kupata kigawo kikubwa cha pamoja cha namba mbili. Aliyeonyesha kwamba njia hiyo inazaa midundo ni Godfried Toussaint, 2005, naye alipitia kwa Bjorklund aliyekuwa akipanga mapigo ya mtambo wa nyutroni huko Marekani. Mtambo wa nyutroni, jamani. Na jaribu 7 kwenye 12, ukianzia hatua inayofaa unapata mdundo wa kengele unaopigwa Afrika Magharibi na kwa jamaa zao wa Kuba.

#42 Luthuli Boy
Sawa mwalimu. Lakini Mgiriki amehusika.

#43 Babu Transista
Kabla uzi haujafika Athene. Fundi, ukitaka tu kumaliza tatizo, achana na A0. Weka kitufe. Programu isubiri mtu abonyeze, halafu ichukue micros(), yaani maikrosekunde zilizopita tangu kiwashwe, iwe mbegu. Hakuna binadamu anayeweza kubonyeza mara mbili kwenye maikrosekunde ileile. Utatoka kwenye 1023 uende mamilioni. Ukipata ESP32, kibodi kingine chenye Wi-Fi, hiyo ina kizalishi cha namba za nasibu ndani yake, ila inakuwa nasibu ya kweli pale redio yake ya Wi-Fi au Bluetooth ikiwa imewashwa.

#44 Mama Sauti
Mimi ningefanya kinyume kabisa. Mbegu inayokupendeza iandike kwenye daftari uwe unairudia. Sonic Pi, programu ya kutunga muziki kwa kuandika msimbo, imejengwa hivyo makusudi: ukibonyeza leo na kesho bahati nasibu yake inatoka ileile, ili ulichotunga uweze kumpa mwenzako. Kwangu mimi kimashine cha mchana ndicho kizima. Cha usiku ndicho kibovu.

#45 Fundi Kopo
@Mama Sauti hapo hatutaelewana dada. Nikitaka kinachorudia nina redio.

@Babu, kitufe nitaweka, lakini sio leo. Leo nataka kujua.

#46 Fundi Kopo
Mrejesho wa namba. Nimeunganisha USB kwenye kompyuta, naona mbegu.

Mchana: 312, 312, 313, 312, 311, 312.
Usiku: 312, 313, 312, 312, 312.

Usiku umekuwa kama mchana. Nikachomoa USB, nikarudi kwenye pawabenki, kitandani: nyimbo mpya tena.

#47 Mmatumbi wa Berlin
Kwa hiyo ukimwangalia hafanyi 😂

#48 Yakhe wa Kibokoni
Na mwawaita majini ushirikina.

#49 Babu Transista
Hakuna ajabu. Kompyuta iko kwenye chaja, imekipa kimashine njia ya kwenda ardhini kupitia USB, pini imetulia. Umebadilisha kitu unachokipima. Weka kadi ya kumbukumbu au andika mbegu kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyofutika ukizima) ya Uno yenyewe, usome asubuhi.

#50 Chumvi ya Tanga
Na ukiwa na USB kinakaa wapi? Mezani. Sio kitandani. Mmebadilisha vitu viwili kwa mpigo halafu mnatoa hukumu.

#51 Msela wa Mikanda
Swali la kijinga. Hilo kopo la biskuti ni la bati?

#52 Fundi Kopo
La bati ndiyo. Lile la bluu ambalo ukifungua unakuta uzi na sindano.

#53 Msela wa Mikanda
Na kifuniko?

#54 Fundi Kopo
Mchana nafunga kwa ajili ya vumbi. Usiku nafungua, napenda kuangalia vitaa vyake gizani.

#55 Siti ya Dirishani
🤦🏾

#56 Babu Transista
Fundi. Kopo la bati lililofungwa ni ngao. Mawimbi hayaingii. Tumekaa hapa post hamsini na kitu hukusema habari ya kifuniko?

#57 Fundi Kopo
Hamkuniuliza babu.

#58 Chumvi ya Tanga
Kifuniko kikifungwa unyevu pia hauingii. Nasema tu.

#59 Dotto wa Masaka
Na sauti kikifunguliwa inabadilika. Bati lililo wazi linavuma tofauti.

#60 Mama Sauti
USB ulipitishaje kopo likiwa limefungwa?

#61 Fundi Kopo
Lilikuwa wazi, mchana na usiku. Waya hauingii kifuniko kikifungwa.

#62 Babu Transista
Basi lilikuwa wazi na bado likasoma 312. Sawa. Bado nasema ni ardhi ya kompyuta, lakini sasa nasema kwa sauti ya chini.

#63 Fundi Kopo
Saa nne na nusu usiku. Pawabenki, kitandani, kifuniko kimefungwa. Nimeweka EEPROM kama babu alivyosema, nitasoma namba asubuhi. Nimewasha mara sita.

Tano sijawahi kuzisikia. Ya sita ni ile ya mdogo wangu ya kuoshea vyombo, na yeye yuko chumba cha pili, ameanza kuipigia mluzi.